`guix shell`, `nix-shell` au kontena: kuchagua njia ya kufungua mazingira ya ujenzi yanayorudiwa

Mtu anapotaka kufungua, kwa mstari mmoja wa amri, mazingira ya kujengea programu ambayo mwenzake naye ataweza kuyafungua yakiwa yale yale, amri zinazotajwa zaidi ni tatu: `guix shell`, `nix-shell` pamoja na mdogo wake `nix develop`, na `docker run` au ndugu yake `podman run`. Mbili za mwanzo ni za Guix na Nix, mifumo ya kuweka na kusimamia vifurushi vya programu; ya tatu hufungua kontena, yaani chumba kilichotengwa ndani ya kompyuta ambamo programu huendeshwa. Ahadi zao zinafanana kwa maneno, kwamba kompaila, maktaba na zana zitakazotumika zitakuwa zile zilizokusudiwa, wala si zile zilizobahatika kuwepo kwenye kompyuta. Lakini kinachoshikwa na kila moja si kitu kimoja, na ndiyo maana ulinganisho unaoanza na kasi au wepesi wa amri humpotosha msomaji. Swali la kutanguliza ni hili: je, chombo hiki kinahifadhi maelezo ya namna mazingira yanavyoundwa, au kinahifadhi mazingira yenyewe yakiwa yamekwisha kuundwa? Guix na Nix huhifadhi maelezo. Kontena huhifadhi matokeo. Sehemu kubwa ya yanayofuata inatokana na tofauti hiyo.

Kazi moja, amri tatu

Tuchukue mradi mdogo wa lugha ya C unaojengwa kwa `make`, usiohitaji maktaba yoyote ya ziada. Kufungua mazingira, kuujenga na kutoka kunaweza kuandikwa hivi:

```
guix shell --container gcc-toolchain make -- make CC=gcc
nix-shell --pure -p gnumake --run make
docker run --rm -v "$PWD":/kazi -w /kazi gcc:13 make
```

Amri hizi zinakaribiana kwa urefu tu. Ya kwanza hukusanya vifurushi vilivyotajwa, ambavyo kila kimoja hukaa katika folda yake ndani ya `/gnu/store`, kisha hufungua kontena nyepesi ambamo hakionekani kitu isipokuwa vifurushi hivyo, vitegemezi vyake na folda ya mradi. Ya pili hukusanya vilevile, safari hii katika `/nix/store`, lakini haifungui kontena yoyote. Husafisha vigeu vya mazingira, hupanga upya `PATH` (orodha ya folda ambamo amri hutafutwa), basi. Ya tatu huchukua taswira nzima (nakala iliyofungashwa ya faili za mfumo) ya Debian, ambayo ni aina ya Linux, iliyo na kompaila ya GCC ndani yake, huiendesha, na kuiunganisha folda ya mradi kwenye njia ya `/kazi`.

Hiyo `CC=gcc` ya mstari wa kwanza haikuwekwa kwa pambo. Kifurushi cha `gcc-toolchain` cha Guix hakina amri ya `cc`, ambayo ndiyo `make` huiita kama haikuelekezwa vingine, ilhali Nix inayo na taswira ya GCC pia inayo. Makefile, faili ya maagizo ya `make`, ikiita `rm` au `mkdir`, `guix shell --container` itasimama tena kwa sababu `coreutils`, kifurushi chenye amri hizo, haikutajwa. Wapo wanaouona huu kuwa ukorofi. Mimi nauona kuwa ndiyo faida yenyewe, kwani kila kinachotegemewa na mradi hulazimika kuandikwa, na orodha inayopatikana baada ya kero hizo ni orodha ya kweli. `nix-shell -p`, kwa upande wake, huja na mazingira ya kawaida ya ujenzi yaitwayo `stdenv`, yenye kompaila, `coreutils`, `sed`, `grep` na hata `make`, hivyo katika mfano wetu `gnumake` haikuwa lazima kutajwa. Mtumiaji wa Nix huanza kazi mapema zaidi, lakini hajui kwa kiwango kilekile ni nini hasa anachokitegemea.

Maelezo dhidi ya matokeo

Nix ilitokana na utafiti wa Eelco Dolstra katika Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, ambako alikamilisha tasnifu yake ya uzamivu mwaka 2006. Katika mfumo huo, jina la kila folda ya ghala, yaani `/nix/store`, huanza na heshi, yaani alama inayokokotolewa kutokana na kila kilichoingia katika ujenzi wa kifurushi: msimbo chanzo, kompaila, maagizo ya ujenzi, na vitegemezi vyote hadi vile vya chini kabisa. Kimoja kikibadilika, heshi hubadilika, na kifurushi kipya huwekwa kando ya kile cha zamani pasipo kukigusa. GNU Guix, iliyoanzishwa na Ludovic Courtès mwaka 2012, ilirithi wazo hilo pamoja na programu ya nyuma ya Nix inayosimamia ghala, ila ikaiacha lugha mahususi ya Nix na kutumia Guile, ambayo ni aina ya lugha ya Scheme, kuanzia maelezo ya vifurushi hadi amri zenyewe.

Docker, iliyotangazwa mwaka 2013, ina heshi pia, ile inayoanza na `sha256:`, lakini hiyo hukokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya taswira iliyokwisha kutengenezwa. Huyatambulisha matokeo kwa uhakika, ila haisemi lolote kuhusu njia iliyotumika kuyafikia. Njia imeandikwa katika Dockerfile, faili ya maagizo ya kutengeneza taswira, na humo kwa kawaida mna mstari kama `RUN apt-get update && apt-get install -y libssl-dev`, ambao kwa kweli unaagiza liwekwe toleo lolote litakalokutwa kwenye seva siku hiyo. Dockerfile moja ikiendeshwa Januari, kisha ikaendeshwa tena Juni, huweza kutoa taswira mbili zisizolingana. Hitilafu hiyo hujificha kwa sababu Docker hutunza tabaka za zamani (matokeo ya kila hatua ya Dockerfile) kwenye kache: kwenye kompyuta yako ujenzi huleta matokeo yale yale miezi nenda rudi, huku mwenzako aliyeanza na kache tupu akipata kitu kingine. Kwa maoni yangu, kache hiyo ndiyo iliyowafanya wengi waamini kuwa Dockerfile ni maelezo yanayorudiwa. Kinachorudiwa ni taswira, na hata hiyo ni pale tu inapotajwa kwa heshi yake, kwani lebo kama `gcc:13` huhamishiwa taswira mpya kila toleo dogo la mfululizo huo linapotoka.

Pengo hilo linazibika. Debian ina huduma ya snapshot.debian.org inayohifadhi vifurushi vyake kwa tarehe, na mtu akianza na taswira iliyotajwa kwa heshi kisha akaielekeza `apt`, chombo cha Debian cha kuweka vifurushi, kwenye tarehe moja ya huduma hiyo, Dockerfile yake itakaribia sana kurudiwa. Hata hivyo kazi hiyo hufanywa kwa mkono, hudumishwa kwa nidhamu, na huharibika kimyakimya siku mtu mmoja anapoongeza mstari wa `pip install`, wa kuweka kifurushi cha Python, bila kutaja toleo.

Kuufunga wakati

Isidhaniwe kwamba Nix na Guix huufunga wakati zenyewe pasipo kuagizwa. `nix-shell -p` husoma mkusanyiko wa vifurushi kupitia `<nixpkgs>`, ambayo huelekeza kwenye chaneli ya mtumiaji, yaani chanzo anakopata vifurushi, na watu wawili waliosasisha chaneli zao siku tofauti hupata matoleo tofauti kwa amri ile ile. Ili ahadi itimie ni lazima faili ya `shell.nix` itaje toleo mahususi la nixpkgs pamoja na heshi yake. `nix develop`, iliyokuja na Nix 2.4 mwezi Novemba 2021, hulitatua jambo hilo kupitia utaratibu wa `flakes`: mradi huwa na faili ya `flake.nix`, na Nix yenyewe huandika kando yake `flake.lock`, inayotaja kila chanzo kwa alama yake ya Git na heshi yake. Utaratibu huu ni mzuri na umeenea, lakini katika Nix rasmi bado umewekwa katika kundi la mambo ya majaribio, kwa hiyo kila mtumiaji hulazimika kuuruhusu katika mipangilio yake. Zaidi ya hapo, katika mradi ulio chini ya Git, faili ambayo haijaongezwa kwa `git add` haionekani kabisa, jambo linalowasumbua sana wageni. Na faili zinazoonekana hunakiliwa katika `/nix/store`, ambako kila mwenye akaunti kwenye kompyuta hiyo anaweza kuzisoma. Nywila isiachwe humo.

Guix hulifanya jambo hilo hilo kwa amri mbili:

```
guix describe -f channels > channels.scm
guix time-machine -C channels.scm -- shell -m manifest.scm
```

Ya kwanza huandika ni toleo gani la Guix na la mkusanyiko wake wa vifurushi linalotumika sasa. Ya pili huirudisha Guix ya wakati ule, hata kama uliyonayo leo ni mpya zaidi kwa miaka kadhaa, na kuitumia kufungua orodha iliyomo katika `manifest.scm`. Orodha hiyo nayo si lazima iandikwe kwa mkono, kwani `guix shell --export-manifest gcc-toolchain make coreutils` huichapisha ikiwa tayari. Faili hizo mbili zikiwekwa pamoja na msimbo wa mradi, hakuna kingine cha kumpa mgeni zaidi ya Guix yenyewe. Msimbo chanzo wa kifurushi ukitoweka mahali ulipokuwa ukichapishwa, Guix hujaribu kuupata katika Software Heritage, hifadhi ya kudumu ya msimbo iliyozinduliwa mwaka 2016 na taasisi ya Inria ya Ufaransa. Kwa mtafiti anayetaka hesabu za makala yake ziweze kurudiwa muda mrefu baada ya kuchapishwa, huu ndio mpangilio ninaouamini zaidi.

Hata hivyo una mpaka wake. Vifurushi vya zamani vikiwa bado vipo kwenye seva za mradi vikiwa vimekwisha kujengwa, hupakuliwa na kazi huendelea. Visipokuwepo, hujengwa upya kutoka msimbo chanzo, na hapo hutokea kifurushi kikakwama kwa sababu tu majaribio yake yanatumia cheti cha usalama ambacho muda wake umepita. Saa ya kompyuta ni jambo ambalo chumba cha ujenzi hakilifungi, na Nix iko katika hali hiyo hiyo. Kontena ina nafuu hapa: taswira iliyotunzwa kwa `docker save` kwenye diski yako haihitaji kujengwa tena wala haitegemei seva ya mtu mwingine, ilimradi keneli ya Linux ya baadaye bado inaweza kuiendesha. Mtu ambaye haja yake ni kukiendesha kilichokuwepo bila kukibadilisha amekwisha kupata jibu lake.

Mambo hugeuka siku anapohitaji kubadilisha mstari mmoja ndani ya maktaba mojawapo, tuseme kuziba tundu la usalama, huku vingine vyote vikibaki kama vilivyokuwa. Katika Guix hilo ni chaguo moja la amri, `--with-patch`, na katika Nix ni mistari michache ya maelezo. Kila kinachoitegemea maktaba hiyo hujengwa upya, na kisichoitegemea huachwa. Katika taswira ya kale ambayo Dockerfile yake haijengeki tena, kazi hiyo hugeuka kuwa uchimbaji wa tabaka baada ya tabaka, na anayeifanya hana hakika kuwa alichokipata mwishoni kinatofautiana na cha awali kwa mstari ule mmoja tu.

Ukuta una kimo gani

Mara nyingi watu huchanganya mazingira safi na mazingira yaliyotengwa. `nix-shell --pure` husafisha vigeu vya mazingira, lakini haifichi diski. Faili ya `/etc/bashrc` bado huweza kusomwa, kutegemea Bash ilivyowekwa, na vigeu vilivyoandikwa humo huingia kwa mlango wa nyuma. Skripti inayoiita `/usr/bin/python3` kwa njia yake kamili huipata bila shida. Ndiyo maana ujenzi uliofaulu ndani ya `nix-shell` huweza kushindwa chini ya `nix-build`, ambayo kwenye Linux huendesha ujenzi katika chumba kilichofungwa, pasipo mtandao, mahali ambapo kila kisichotajwa hakipo.

`guix shell --pure` ina udhaifu huo huo, na Guix imelikubali jambo hilo kwa kuongeza chaguo la `--check`, ambalo hukagua iwapo faili za kuanzishia shell zimevuruga vigeu vilivyowekwa. Kinachofunga kwa kweli ni `--container`: diski, michakato na mtandao vyote hutengwa, na mtandao hufunguliwa tu kwa kuongeza `--network`. Programu zinazotarajia kuzikuta `/lib` na `/usr/bin` mahali pake pa kawaida husaidiwa na `--emulate-fhs`. Kontena hiyo hufunguliwa na mtumiaji wa kawaida na hufunguka kwa muda mfupi sana pale vifurushi vinapokuwa vimekwisha kupakuliwa, kwa hiyo hakuna sababu kubwa ya kutoitumia kila siku. Katika zana zote zinazolinganishwa hapa, ni hii peke yake inayounganisha maelezo yaliyofungwa kwa heshi na ukuta wa kontena katika amri moja.

Docker hutenga vizuri, lakini kwa mpangilio wake wa kawaida huendesha programu ya nyuma yenye mamlaka ya mtumiaji mkuu, na tokeo mojawapo huonekana siku ya kwanza: faili zilizozalishwa na ujenzi katika folda ya mradi huwa mali ya `root`, na mwenye mradi hushindwa kuzifuta. Kuongeza `--user "$(id -u):$(id -g)"` huondoa kero hiyo mara nyingi. Podman, iliyotoka Red Hat, haina programu ya nyuma na imekusudiwa kuendeshwa na mtumiaji wa kawaida. Kwa kuwa amri zake karibu zote ni zile zile za Docker, kwenye Linux ningeanza nayo moja kwa moja.

Kisichofungwa na yeyote

Mazingira yaliyo sawa hayatoi lazima faili zilizo sawa. Ujenzi unaorudiwa, kwa maana yake kali, ni kupata matokeo yanayolingana biti kwa biti, na yapo mengi yanayolizuia hilo hata pale kompaila na maktaba zinapokuwa zile zile: tarehe ya ujenzi iliyochapwa ndani ya programu, mfuatano wa faili jinsi mfumo wa diski unavyozitaja, njia ya folda ya mradi, kazi zinazokwenda sambamba na kumalizika kwa zamu tofauti, au bendera ya `-march=native` inayoifanya kompaila iitazame prosesa iliyopo. Mradi wa Reproducible Builds, ambao chimbuko lake ni kazi iliyoanza ndani ya Debian mwaka 2013, uliweka kigeu cha `SOURCE_DATE_EPOCH` ili zana zote zichukue tarehe moja iliyokubaliwa badala ya kuitazama saa. `nix-shell` hukiweka kigeu hicho kwenye tarehe ya kwanza ya mwaka 1980, kwa sababu umbo la faili za ZIP haliwezi kuandika tarehe ya kabla ya hapo, na vifurushi vya Python, ambavyo ni faili za ZIP, vilikuwa vikikataa kujengwa. Katika kontena, pamoja na `guix shell`, utakiweka mwenyewe.

Guix na Nix zinazidi kontena kwa kuwa zina njia ya kupima. `guix build --check` na `nix-build --check` hujenga kifurushi upya na kulinganisha matokeo na yaliyokuwepo, na `guix challenge` hulinganisha yaliyomo katika ghala lako na yale yanayotolewa na seva. Mfano unaojulikana zaidi wa matumizi hayo ni Bitcoin Core, ambayo tangu toleo lake la 22.0 la mwaka 2021 hujengwa kwa Guix na watu mbalimbali, kila mmoja kwenye kompyuta yake, kisha heshi zao hulinganishwa kabla ya programu kutolewa. Mwaka 2023 Guix ilipiga hatua nyingine, ikaufikisha mnyororo wake wa kompaila hadi kwenye mbegu (programu ya kwanza kabisa ambayo ujenzi huanzia) ya baiti 357, ambayo mtu anaweza kuisoma na kuielewa yote. Wengi hawatahitaji kufika huko. Lakini anayehofia kuwa kompaila yenyewe huenda imechezewa aitazame Guix kwanza.

Mashine ulizonazo

Mara nyingi uamuzi huwa umekwisha kufanywa na vifaa vya timu. Guix huendeshwa kwenye Linux na kwenye Hurd ya GNU. Haina macOS, na mtu mmoja tu katika timu anayetumia macOS hutosha kuiondoa, isipokuwa awe tayari kufanya kazi ndani ya mashine pepe. Nix huendeshwa kwenye Linux na macOS, na kwenye Windows kupitia WSL, inayoendesha Linux ndani ya Windows. Docker huenda kote, ila kwenye macOS na Windows kinachoendeshwa hasa ni mashine pepe ya Linux, hivyo usomaji wa folda iliyounganishwa hupungua kasi, na mradi wenye maelfu ya faili ndogo huihisi tofauti hiyo. Tangu kompyuta za Apple zilipohamia prosesa za ARM mwaka 2020, lebo ile ile ya taswira huweza kuwapa watu wawili programu zilizojengwa kwa prosesa tofauti. Kuongeza `--platform linux/amd64` huwalinganisha, kwa gharama ya kuigiza prosesa nyingine, na kuigiza kuna uzito wake.

Kuna pia masharti ya kutazamwa. Docker Desktop si ya bure kwa kampuni kubwa tangu mwaka 2021. Matumizi ya bure kazini yaliachiwa kampuni zenye wafanyakazi chini ya 250 na mapato ya mwaka chini ya dola milioni 10 za Marekani. Docker Hub, hifadhi ya umma ya taswira, nayo iliweka kikomo cha upakuaji mwezi Novemba 2020, na seva za ujenzi zinazotumia anwani moja ndizo zinazokigonga haraka.

Kwa wingi wa vifurushi, nixpkgs ina zaidi ya 100,000, na Guix ina takriban 30,000. Guix rasmi haipokei programu zisizo huru, kwa hiyo anayehitaji zana za CUDA za NVIDIA, za kukokotoa kwa kadi za picha, atalazimika kuongeza chaneli isiyo rasmi. Nix huziruhusu kwa mpangilio wa `allowUnfree`. Nixpkgs hutoa matoleo mawili thabiti kwa mwaka, mwezi Mei na Novemba, ilhali Guix huendelea kusasishwa bila vituo. Kwa lugha, Dockerfile hujifunzwa kwa alasiri moja, jambo lisiloweza kusemwa kuhusu nyingine mbili. Lugha ya Nix ni ndogo, lakini makosa yake huripotiwa kwa ujumbe mrefu unaotaja sehemu zilizo mbali na kosa lenyewe. Scheme ya Guix humtisha asiyezoea mabano, ila ni lugha kamili yenye vitabu vyake na zana zake, na binafsi naona ujuzi wake unamfaa mtu hata nje ya Guix. `guix pull` ni ya polepole, na hilo halina utetezi.

Diski hujaa kwa zote tatu. Ghala husafishwa kwa `guix gc` au `nix-collect-garbage`, na taswira kwa `docker system prune`. Mazingira unayotaka yasalimike usafi unapofanywa yatajwe kwa `guix shell --root` au `nix develop --profile`. Kihariri cha msimbo kilichofunguliwa nje hakiyaoni mazingira yaliyo ndani. Kwa Guix na Nix hutosha kukifungulia humo au kutumia `direnv`, inayopakia mazingira mtu anapoingia katika folda ya mradi, bali kwa kontena hulazimu kihariri kiwe na uwezo wa kufanya kazi kikiwa kimeunganishwa nayo.

Conda (msimamizi mwingine wa vifurushi) na faili za kufunga matoleo za lugha moja moja, kama `Cargo.lock`, hazishindani na hizi tatu, kwani kila moja hufunga tabaka lake tu na kuziacha maktaba za msingi za mfumo zibaki kama zilivyokutwa. Vagrant hufunga zaidi, lakini mashine pepe nzima kwa ajili ya `make` ni mzigo usiolipa.

Ningechagua vipi

Kama timu ina mifumo endeshi mchanganyiko, wageni wengi, na mradi ambao hautadumu zaidi ya miaka miwili au mitatu, ningetumia kontena, nikitaja taswira kwa heshi na kuitunza katika hifadhi ninayoimiliki. Kama timu ni ya Linux na macOS na inahitaji vifurushi vya kila aina, ningechukua `nix develop` pamoja na `flake.lock`, nikijua kuwa mtu mmoja angalau atalazimika kuielewa lugha ya Nix kwa kina ili wengine wasisumbuke. Kama ni utafiti, programu za usalama, au jambo lolote ambalo mtu wa nje atataka kulihakiki bila kuniamini, na mashine ni za Linux, ningechukua `guix shell --container` chini ya `guix time-machine` na nisitazame pengine.

Si lazima uchaguzi uwe wa upande mmoja. Nix inaweza kutoa taswira ya kontena kwa `dockerTools`, na Guix kwa `guix pack`, ili maelezo yabaki kuwa chanzo na kontena iwe njia ya kuyafikisha kwa wasio na Guix. Kwenye seva za pamoja ambako huruhusiwi kuweka chochote, `guix pack -RR` hutoa faili ya tar inayofunguliwa popote na kuendeshwa na mtumiaji wa kawaida. Kwa Docker amri huwa hii, ikitumia `manifest.scm` ile ile iliyofungua mazingira ya kila siku:

```
guix time-machine -C channels.scm -- \
  pack -f docker -S /bin=bin -m manifest.scm
```

Hiyo `-S /bin=bin` isisahaulike. Bila hiyo taswira itapakiwa kwa `docker load` pasipo tatizo lolote, lakini anayeiendesha hataikuta folda ya `/bin`, na kila programu atalazimika kuitafuta kwa jina lake refu ndani ya `/gnu/store`.